Karani Hataki Nyama

Jumatatu, 2 Juni 2025

Barua ya uhamisho imekuja. Kituo cha afya, Ukerewe. Niripoti tarehe 30.

Sina ugomvi na Ukerewe. Nilifika mara moja kwenye msiba, nikakuta upepo mzuri na mapapai matamu. Nesi ni nesi popote. Lakini Karani je?

Nimepita bandarini hapa Mwanza kuuliza. Dada wa dirishani alicheka kwanza. Kisha akasema mbwa anapanda meli, ila awe na cheti cha chanjo na awe ndani ya kizimba kilichofungwa. Akileta vurugu kabla hatujaondoka, anashushwa. Nikauliza, anashushwa yeye peke yake? Akasema hapo utaamua mwenyewe, mama.

Basi la kuzungukia Bunda — kondakta alikataa hata sijamaliza sentensi.

Kizimba. Karani! Mlango wa jikoni ukijifunga nyuma yake anatetemeka mwili mzima. Na namwelewa. Nilimkuta ndani ya kiroba kando ya mtaro, kimefungwa kamba, kiroba kinatembea chenyewe. Alikuwa anaenea kwenye kofia. Miaka sita sasa.

Meli ni tarehe 28. Siku ishirini na sita.

Jumatano, 4 Juni

Mdogo wangu Rose kapiga simu. Anasema, dada, mwache huyo mbwa, Ukerewe nako kuna mbwa. Nikamwambia mtandao unasumbua. Haukuwa unasumbua.

Nimeteremka kwa Fundi Nestory, yule anayetengeneza vitanda na madawati huku chini barabarani. Hakucheka. Akauliza tu, "Sista, ni mbwa wa ukubwa gani?" Nikaonyesha kwa mikono. Akasema mikono ya mwenye mbwa haiaminiki, atakuja mwenyewe.

Kaja jioni na futi yake. Karani hapendi wageni, akaenda kusimama nyuma ya pipa, akibweka kwa awamu. Fundi hakumfuata. Akapima alama iliyobaki kwenye vumbi pale Karani alipokuwa amelala. Akaandika kwenye kipande cha mbao, akaaga, akaenda zake.

Jumamosi, 7 Juni

Kizimba kimefika. Kizuri! Kina nafasi kati ya mbao ili apate hewa, mlango una bawaba, na pembe zote zimepigwa msasa.

Karani alikizunguka mara tatu. Kisha akaenda kukojoa mbali nacho kabisa, kama mtu anayetoa msimamo.

Nimeangalia video kwenye simu. Unarusha kitu kitamu mlangoni. Halafu ndani kidogo. Halafu ndani zaidi. Mbwa anajifunza kuwa kule ndani kuna mema. Rahisi!

Jumapili, 8 Juni

Si rahisi.

Nimetoka kanisani na soseji mbili. Akanusa. Akanitazama. Akageuza kichwa.

Maini ya kukaanga: kalamba mara moja, kaacha. Nimeyala mimi.

Ndiyo maana anaitwa Karani. Tangu utoto hapokei kitu bila kukikagua mbele na nyuma, kama anatafuta mhuri. Chakula cha kwenye bakuli anakula, tena nikishaondoka. Lakini kitu cha mkononi mwangu — hapana. Sijawahi kulifikiria sana. Mtu anazoea.

Jumanne, 10 Juni

Dagaa. Kampokea! Nikashangilia peke yangu uani. Akaenda naye taratibu mpaka kwenye ndoo, akamlaza chini, akarudi kukaa. Kama anayerudisha kitu cha jirani.

Yai la kuchemsha: kuku wa Mama Nusrat, mwenye nyumba wangu, wamekuja kulila. Yai! Kuku!

Biskuti za mbwa kutoka duka la mifugo. Muuzaji aliapa hakuna mbwa anayezikataa. Nimeonja moja. Namuunga mkono Karani.

Alhamisi, 12 Juni

Mama Nusrat hamgusi mbwa, ila kila asubuhi anamsalimia kwa mbali. Leo kaleta ukoko wa pilau kwenye karatasi, kauweka juu ya ukuta, kasogea pembeni na kufunga mikono kutazama. Harufu ile! Mimi mwenyewe mate yalinijaa.

Karani akanusa hewa. Akalala.

"Mwanangu," Mama Nusrat akasema, "huyu siyo kwamba anachagua. Huyu ana lake moyoni. Ulimfanya nini?"

Nikacheka. Nikaingia ndani. Nikaacha kucheka.

Dawa za minyoo. Kila miezi mitatu, miaka sita. Nilizificha kwenye nyama. Akashtukia nyama, nikahamia samaki. Akashtukia samaki, nikahamia maini. Kila kitu kizuri kilichotoka kwenye mkono huu kilikuwa na kichungu katikati.

Na kazini nawaambia akina mama kila siku: msimdanganye mtoto kwamba dawa ni pipi, hatawaamini tena. Kila siku nasema!

Jumamosi, 14 Juni

Nimeona kitu.

Fundi kaja kupiga randa mlango wa kizimba, ulikuwa unakwama. Fundi huwa anatafuna matobolwa akifanya kazi, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, mama yake humletea kutoka Misungwi. Yamo kwenye mfuko wa aproni. Alikuwa ameinama, mgongo umeelekea uani. Mimi niko dirishani naosha vyombo.

Karani akaja. Hatua moja. Akasimama. Hatua moja. Pua ikaingia mfukoni.

Fundi hakugeuka. Hata randa hakuisimamisha. Akasema tu, "Taratibu, Kalani." Anamwita Kalani, kwa ile lafudhi yake ya Kisukuma. Na Karani akatoa tobolwa moja, akalila palepale, bila kulikagua!

Nikatoka mbio na mikono yenye povu, napiga kelele. Nikaharibu kila kitu. Karani nyuma ya pipa. Fundi akaninyooshea tobolwa na mimi. "Sista, na wewe chukua."

Jumatatu, 16 Juni

Nimenunua matobolwa sokoni Mkuyuni, fungu zima. Nimeita. Nimenyoosha mkono. Karani kakagua. Hapana.

Fundi kapita baada ya kazi. Akanitazama nikijaribu. Mwishowe akasema:

"Sista, unampa kama dawa."

"Kivipi?"

"Unamkodolea macho mpaka ameze."

Kweli tupu. Akanikalisha kwenye kigoda, mgongo kwa Karani, tobolwa kwenye kiganja, kiganja pembeni kama nimekisahau. Akakaa na yeye upande wa pili. Tukaongea ili nisigeuke. Mkewe alifariki miaka mitano sasa. Anasema bado anasonga ugali wa watu wawili, mkono umezoea sufuria ile, kisha anakula kiporo asubuhi. Nikamwambia mimi napika wa mtu mmoja na bado unabaki. Akatabasamu kwa upande.

Mkono ulikufa ganzi. Karani hakuja. Lakini aliondoka nyuma ya pipa.

Jumatano, 18 Juni

Kachukua!

Ulimi wake kwenye kiganja changu. Miaka sita, mara ya kwanza. Sikugeuka. Nililia nikiwa natazama ukuta.

Jumamosi, 21 Juni

Miguu miwili ya mbele ndani ya kizimba. Tobolwa moja kwa kila hatua. Sasa hata ya sokoni anakula, mradi nisimwangalie kwa macho ya zamu.

Fundi anakuja kila jioni. Leo alisema mlango unahitaji randa kidogo. Mama Nusrat akasema kwa sauti, akiwa anachuja tui, kwamba hakuna mlango Mwanza nzima uliopigwa randa kama ule, utabaki unene wa karatasi. Fundi akajifanya hajasikia. Mimi pia.

Jumatatu, 23 Juni

Rose kapiga tena. Safari hii kaja na akili: nimpe Karani vidonge vya usingizi. Atapanda amelala, atashuka amelala. Dada, kwa nini unajitesa?

Nimekwenda kwa daktari wa mifugo, maana cheti cha chanjo nilikuwa nakifuata hata hivyo. Cheti nimepata. Na vidonge viwili, kwenye karatasi.

Nimerudi. Nimepasua tobolwa katikati. Kidonge kimekaa vizuri sana mle ndani, kama kilitengenezewa. Karani amekaa mbele yangu, mkia unafagia vumbi, anasubiri. Hakagui tena. Ananisubiri mimi.

Vidonge nimevitupa chooni. Rose sijamwambia.

Alhamisi, 26 Juni

Siku mbaya.

Ameingia mwenyewe, miguu yote minne, akageuka, akakaa. Nikafunga mlango. Taratibu kabisa!

Sijawahi kumsikia akilia vile. Alijirusha, akang'ata mbao, ukucha ukang'oka. Damu. Nilipofungua alinipita kama hanijui.

Nimemfunga bendeji. Kakubali, lakini uso kaugeuzia kwingine. Nimekaa chini uani na sare ya kazi. Kesho kutwa ndiyo meli.

Fundi kaja. Aliona ukucha, akaniona mimi. Akaenda kukaa karibu na pipa, akaanza kutafuna. Kisha akasema kama naridhia, Karani anaweza kukaa kwake. Akasema yupo tu, nafasi ipo.

Nikamwambia ahsante. Nikamwambia nitafikiri. Kitu gani kiliniuma zaidi hapo sijui, kwamba ningemwacha Karani au kwamba wangebaki wote wawili huku.

Ijumaa, 27 Juni

Mambo yamegeuka!

Asubuhi Karani akaenda mwenyewe kunusa kizimba. Fundi alikuwa amewahi, kabla ya kufungua karakana. Akalala kifudifudi kando ya kizimba, akapitisha mkono kati ya mbao mpaka begani, tobolwa kiganjani. Karani akaingia. Nikafunga. Akaanza kutetemeka, akainuka — Fundi akamwekea mkono shingoni. Akatulia. Akaweka kidevu juu ya ule mkono, akafumba macho.

Dakika ishirini. Nimehesabu kwa saa ya ukutani.

Fundi akatoa mkono: kilio. Akarudisha: kimya. Nikaweka wangu. Aliulamba, akaupisha, akaanza kuutafuta mwingine. Sikukasirika. Kidogo tu nilikasirika.

Fundi kasema atatusindikiza mpaka ndani ya meli. Karani akishazoea mtikisiko wa injini, Fundi atauchomoa mkono, nitauweka wangu, naye atashuka. Ndiyo mpango.

Mama Nusrat kanifungia maandazi ya safari. Akasimama hatua tatu kutoka kwa Karani, akamwambia, nenda salama, baba. Kisha akaingia ndani haraka.

Jumamosi, 28 Juni

Naandika nikiwa nimekalia begi, ndani ya meli, sehemu ya mizigo. Mwandiko mbaya, sakafu inatetemeka.

Tumeingia vizuri. Wapagazi wawili wamebeba kizimba, Fundi katembea pembeni ameinama, mkono ndani, kama mtu aliyekamatwa. Watu walicheka. Karani hakubweka hata mara moja!

Fundi amevaa shati la kanisani. Sikuwahi kumwona bila aproni.

Tumejaribu mpango. Kauchomoa mkono, nimeweka wangu. Karani kasimama, kaanza ule mlio mdogo wa kooni. Baharia kageuka kututazama. Fundi karudisha mkono haraka. Tumejaribu tena. Vilevile. Sasa mikono yote miwili imo, wangu na wake, na Karani amelala juu ya yote miwili. Naandika kwa huu mmoja uliobaki.

Wametangaza: wasindikizaji wote washuke.

Injini inapiga kelele. Fundi kauliza, "Wamesemaje?"

Ningeweza kusema sijasikia. Nikamwambia ukweli. "Wamesema wasindikizaji mshuke."

Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Akatoa tobolwa kwa mkono wa pili, akalikata kwa meno, nusu akampa Karani.

Wametangaza tena.

Kamba ya mbele wameifungua. Ameiona, maana ametazama huko. Akamtazama Karani. Mimi hakunitazama, anatazama mbao za kizimba, anazipapasa kama anatafuta kasoro.

"Sista," kasema, "huko Ukerewe kuna mbao?"

Nimemwambia sijui, sijawahi kuuliza.

Sasa wanaifungua ya nyuma. Hajanyanyuka.