Mpe Jógvan Ufunguo

Kopenhagen, Jumapili

Ragnhild mwanangu,

Nashukuru kusikia sauti yako kwenye simu. Hapa ni mvua tu, paka mzima, na mimi nimejitolea hospitali kama mtu mwenye afya, niwasaidie wanaochunguza kisukari kama chako.

Mara ya kwanza walinirudisha. Niliwaokea manesi keki asubuhi, si unajua tulivyo, nikalamba mwiko! Nesi Dorte akacheka: "Mama Inger, wewe rudi kesho na tumbo tupu. Keki iache hapahapa."

Kesho yake wakanitundikia dripu ya asidi amino, yaani vile vijenzi vya protini vilivyomo kwenye samaki na mayai. Dorte akasema kongosho langu limejibu vizuri: limetoa insulini ya kushusha sukari, na papo hapo glukagoni ya kuizuia isishuke mno. Homoni mbili, mwanangu, moja inaichunga nyingine! Nikashukuru, halafu nikalia, maana lako halikuchungi hivyo, nawe unaishi peke yako.

Najua ulianguka bafuni sukari iliposhuka. Jirani yako Jógvan alinipigia, maskini, baada ya kuvunja dirisha akufikie. Sijakasirika kwamba ulinificha. Nashukuru u hai.

Ila mpe ufunguo, na umwonyeshe sindano yako ya glukagoni inakaa wapi. Si lazima umpende, ingawa mimi nisingepinga. Keki yake naituma kwa posta.

Safari hii nimelamba mwiko mpaka bakuli, kwa furaha.

Mama yako,
Inger