Jani la Nembo Nililikata kwa Ma Jeni

Alhamisi. Mvua imeanza mchana na mpaka sasa inanyesha tu.

Nimemkosea Ma Jeni. Naandika hilo kwanza, kabla sijaanza kuzungukazunguka.

Mimi nina stationery hapa Kayanga. Nachora vibao, kalenda, fulana za kwaya. Mwaka huu kituo cha utafiti wa migomba kikanipa kazi: nembo, rangi zao, kibao cha geti, mpaka mlango wa gari. Sijawahi kupata kazi kubwa hivyo. Daktari wao, mama mmoja wa Muleba, aliniambia, "Usiniletee mgomba wa mtandaoni. Nataka wa hapahapa."

Nikaenda kuutafuta. Nyaishozi, kando ya barabara, nikaona ua la mgomba zuri, nikalikata. Ukatoka utomvu wa manjano. Utomvu wa mgomba tunaujua, ni kama maji. Mimi nikaona rangi tu. Nikaupiga picha, na ndiyo manjano niliyoweka kwenye nembo.

Kutoka hapo nikapita Kihanga kwa Ma Jeni, mjane wa rafiki yangu. Kibanja chake cha migomba hakipigwi na upepo, majani yanakuwa mazima. Alinipa kahawa za kutafuna, akaniambia nichague jani ninalotaka. Nikakata kwa kisu kilekile.

Sikukipitisha kwenye moto.

Na yale mabango ya kuwaambia watu wapitishe panga motoni, wasihamishe ugonjwa, kabla ya kuingia kwenye kibanja cha mwingine, nimeyachora mimi.

Leo asubuhi Daktari kanipigia simu twende nikapige picha, ule ugonjwa wa mnyauko wa migomba umeingia Kihanga. Gari likakata kona kwa Ma Jeni. Majani yamelegea, ndizi zinaiva na bado changa. Daktari akakata shina, tukangoja. Ukatoka utomvu.

Nikageuka, rangi ileile ipo kwenye mlango wa gari.

Daktari akauliza nani amekata kitu humu siku za karibuni. Ma Jeni akamtazama shemeji yake, Ta Petro, ambaye ndiye anamsaidia kulima tangu afiwe.

"Muulize huyu. Panga lake linatembea kuliko yeye."

"Shemeji, kwangu huo ugonjwa haupo."

"Basi umeletwa na nani, malaika? Petro, usikanyage tena hapa."

Ta Petro akachukua kofia yake, akaondoka.

Mimi nilikuwa na kamera mkononi. Nikapiga picha.

Niliogopa kunyang'anywa kazi, hakuna sababu nyingine. Mashina yaliyofungwa utepe ili yang'olewe ni karibu nusu ya kibanja, na hapo hapandi mgomba mwingine kwa muda mrefu. Humo ndimo anamolishia wajukuu. Na mtu wa kumlimia kamfukuza kwa kosa langu, mimi nimesimama pale natafuta mwanga mzuri.



Jumamosi asubuhi nampitia Ta Petro, tunakwenda Kihanga wote. Nitasema mbele yao wawili. Daktari nitampigia kesho, aamue atakavyo kuhusu kazi. Halafu nitang'oa kila shina lenye utepe, nichimbe shimo nifukie mwenyewe, hata kama Ma Jeni hataniambia hata karibu.