Sangala wa Shemeji

Dada Zaituni, u hali gani? Upepo wa kiangazi huku Bujumbura umenipasua midomo.

Ulinituma nimtoe mumeo kwenye vita hivi, naye wiki nzima amegoma kuondoka mpaka akuvulie sangala. Jana usiku tulikamata ndagala, dagaa wa huku, wakiwa wazima kwa taa, chambo cha ndoana zake. Askari wa doria wakatuita ufukoni, wakaimwaga ndoo yote.

Mumeo akalalamika, "Bibi yangu anangoja Kigoma, siwezi kwenda mikono mitupu."

Askari mmoja akamwambia, "Anakungoja na we uko hapa? Enda kwako."

Akakubali papo hapo. Maneno hayohayo nimemwambia mara mia, Dada, hakunisikia. Tunapanda meli kesho. Mungu atufikishe salama, nimekukumbuka mno, na huyu amenichosha.

Mdogo wako, Rajabu