Senti Kumi Isiyo na Tundu

Busia, Jumatano, Machi 1969

Mvua ya jana imeacha tope hadi mlangoni mwa studio, na leo jua halijaamua kama litatoka. Sijapata mteja. Nimeketi nikitazama barabara ya kwenda mpakani. Malori yanapita, na sioni sababu ya kuyatazama wala ya kuacha kuyatazama.

Tulimzika Mama mwezi uliopita, kwetu Namboboto. Tangu siku hiyo sijalia. Watu wanadhani ni ujasiri. Si ujasiri. Ni kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi, ila ni mimi mzima.

Asubuhi Nafula, dada yangu mdogo, amekuja na habari za benki. Alikwenda jana kubadilisha sarafu za zamani, zile za Afrika Mashariki, kwa sababu tumeambiwa zitaacha kutumika karibuni na kila mtu anahangaika nazo. Alikusanya za Mama zote. Kwa wema wake akabeba na kopo langu la kakao lililokuwa chini ya kitanda changu kule nyumbani.

Kopo lile halikuwa akiba. Zilikuwa sarafu zilizokosewa kiwandani. Nazikusanya na kuzipiga picha tangu nianze kazi hii ya kamera: tundu limetobolewa pembeni badala ya katikati, maandishi yamegongwa mara mbili, pembe ya ndovu imetokea nusu. Wenzangu hunicheka, wanasema nafuga vilema. Mimi nazipenda kwa sababu zinanihakikishia kwamba hata mashine kubwa ya Ulaya husinzia kazini.

Karibu zote zilitoka kwa Mama. Aliuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni hapa, akiichukua Sio Port, na kama akina mama wengine wa soko alitunga senti zake kwenye uzi wa katani, akaufunga kiunoni ndani ya leso. Sarafu yenye tundu pembeni huning'inia vibaya, inakwaruza ngozi. Akiikuta, aliitoa na kuniwekea. Siku moja akapewa senti kumi isiyo na tundu kabisa. Uzi ungepita wapi? Alikuja nayo studio amenuna, akaitupa mezani, akaniambia nimchukue kiziwi wangu asiye na tundu la sikio.

"Wandera, benki wamechukua zote," Nafula aliniambia. "Ni hii moja tu karani amekataa. Amesema ni bandia, eti senti kumi bila shimo ilitoka wapi."

Akanitilia mkononi ile ile isiyo na tundu. Zingine, makosa yangu yote mazuri, karani amezipokea bila kuzitazama. Akakataa moja tu, ambayo mkusanyaji yeyote angeisafiria.

Nilingoja hasira. Haikuja. Nilimwambia dada yangu asante, nikaitia sarafu mfukoni.

Ndipo akauliza lile ninalolikwepa. Jumamosi ukoo unakutana kumaliza matanga, na wazee wanataka picha ya Mama ya kuweka mezani. Mwanawe ni mpiga picha, picha itakosekanaje? Itakosekana. Mama hakukubali hata siku moja kukaa mbele ya kamera. Nilimbembeleza, nikamtania, nikamwekea kiti na pazia la maua. Jibu lake lilikuwa hilo hilo: "Piga hiyo pesa yako. Mimi niache, nina omena kwa jua."

Nafula alisema watu wataongea, kwamba nimepiga picha nusu ya Busia nikamwacha aliyenizaa. Aliyasema bila ubaya. Nilisikia kila neno, na hakuna lililoniuma.

Hilo ndilo lililonitisha.

Nilitoa negativu, zile filamu za picha za sarafu, angalau nijue kilichopotea. Huwa nazipiga kwa kioo cha kukuzia nilichonunua kwa utingo wa lori kule Malaba, nimekifunga mbele ya lenzi kwa plasta. Picha ikishakauka, nachukua mkasi nakata kandokando ya sarafu, nabakiza duara tu. Vipande vya pembeni natupa. Kwa hiyo sikuwa nimezitazama zikiwa nzima kwa muda mrefu sana.

Niliinua ya kwanza kwenye mwanga wa dirisha. Kisha ya pili.

Kila sarafu imelala kwenye kiganja cha Mama.

Alikuwa akinishikia. Mezani zilimeremeta mno, halafu yeye mwenyewe alikuwa na haraka ya kurudi sokoni, akasema leta hapa nishike tumalize. Nilikuwa nimesahau kabisa. Niliingia chumba cha giza nikachapisha ile ya senti kumi isiyo na tundu, na mara hii mkasi sikuugusa. Mkono ulitokea polepole kwenye maji ya dawa: gumba lililopinda, kovu la kisu, magamba ya omena yaliyokauka kwenye kucha.

Nafula aliisogelea akaiangalia. Halafu akasema, "Ni yeye. Hivi ndivyo alikuwa anatupea chakula."

Akaanza kulia. Mimi nilikaa kando yake, nimeishika ile picha kwa ncha ili nisiichafue, nikaona kwamba katika zote, kila moja, mkono umenyooshwa kwangu. Sikuwa mpiga picha pale. Nilikuwa mtoto anayepewa kitu na mamake.

Jumamosi nitaiweka mezani ilivyo. Atakayeuliza uso uko wapi, aulize.

Nafula ameshaondoka. Nimeandika hapa: nina huzuni. Nimeandika ili nione kama ni kweli.

Ni kweli.