Kabla Hujanunua, Omba Maji kwa Jirani

Kabula mjukuu wangu, mwangaluka.

Huku Bariadi tu wazima. Pamba imekubali mwaka huu, na babu yako mguu umepona. Salamu zimeisha, sasa nina hasira na wewe.

Umeniuliza kama hiyo nyumba ya Kigamboni inafaa, ukanitumia picha za geti, vigae na bafu. Nikakupigia nikuulize majirani ni akina nani. Ukacheka! "Bibi, huku kila mtu na geti lake." Kinachekesha nini?

Nilipokuwa binti mdogo, baba alitafuta pa kuhamia kule Bukundi. Mwenye eneo akatutembeza, akasifia malisho na udongo mpaka povu likamtoka. Baba alinishika mkono tukaenda kaya ya jirani kuomba maji ya kunywa, kama wazee walivyofanya kabla ya kuhamia popote. Mama wa pale alituona, akaingia ndani, akafunga mlango. Tukabisha hodi, kimya. Baba akasema, "Turudi nyumbani." Mwenye eneo alitukimbilia akipunguza bei. Baba hakugeuka hata shingo.

Wewe unamsikiliza dalali tu! Bafu litakuzika? Usilipe chochote kwanza. Nenda kwa miguu, gonga geti la jirani, omba maji. Ukipewa, nipigie nikubariki. Ukinyimwa, ondoka. Asiyekufungulia ukiwa na kiu hatakufungulia nyumba yako ikiwaka moto.

Na picha za bafu usinitumie tena.

Bibi yako, bado nimekasirika.