Gari Lisilokwenda Msasani

Chamazi, Dar es Salaam

Mdogo wangu Theodosia,

Najua ungeanza na shikamoo, basi marahaba. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Songea? Mahindi mmeshavuna? Mimi moyo umechoka. Daktari anasema hivyo, na nikipanda ngazi za kibarazani nakubaliana naye. Lakini kichwa kizima.

Nina jambo la kukuungamia. Padre sitamwambia, kwa sababu kuungama kunataka majuto, nami sina hata chembe.

Nilimwambia mwanangu Festo kwamba nataka kurudi Songea nikiwa hai. Akasema safari itaniua. Akaamua kunihamishia kwake Msasani na kuliuza gari langu, nisiwe na cha kuondokea. Hakuniuliza, alinitangazia. Theodosia, nimefundisha fizikia miaka yote ile! Siku ya kunichukua, kabla hajafika, nilichomoa fyuzi ya pampu ya mafuta nikaitia kwenye soksi.

Alipakia godoro langu kwenye gari hilo, akapiga stata. Injini ikazunguka kwa nguvu, haikuwaka. Akaongeza petroli, wapi! Ikabidi amwite Lusiano, fundi wa mtaani kwetu, Mhehe, mtani wetu sisi Wangoni.

"Betri nzima, moto kwenye plagi upo," Lusiano alisema. "Mafuta ndiyo hayafiki. Braza, fungua swichi tu, usipige stata." Akatega sikio kwenye kiti cha nyuma, ambako pampu husikika ikivuma. Kimya. Akafungua kisanduku cha fyuzi, akachungulia, kisha akanigeukia mimi niliyekaa kibarazani na blanketi magotini, mkono umeshikilia soksi.

"Mwizi nimempata!" akapiga kelele. "Marehemu mtarajiwa huyu! Mngoni kachomoa fyuzi, kaificha kwenye soksi!"

Nilidhani nakufa palepale. "Babu zako tuliwakimbiza wakasahau mikuki," nikamjibu, "leo ndiyo uje kunipekua soksi?"

Majirani wakacheka. Festo akacheka mpaka akafuta machozi. "Fundi, acheni utani wenu. Sema tatizo."

"Basi niachie nitafute spea. Nitakupigia," Lusiano akasema, akafunga boneti.

Godoro likashushwa. Ukweli ulisemwa mbele ya mtaa mzima, na kwa kuwa aliyeusema ni mtani, hakuna aliyeusadiki.

Jioni Lusiano alirudi peke yake, akanyoosha kiganja. Nikavua soksi.

"Unataka kwenda wapi, Mngoni?"

"Songea."

"Ukinifia njiani, gari langu."

"Nikifika mzima, utamchanjia dada yangu kuni."

Tunaondoka Alhamisi ya wiki ijayo, Festo akiwa kazini. Barua hii anakuletea jirani yangu anayesafiri kesho. Festo akikupigia simu, usimfiche: baba yake kaondoka kwa akili zake timamu. Nampenda sana, lakini mtoto hamchagulii baba yake pa kufia.

Nisalimie shemeji Aloisi, mumeo, na wajukuu zako wote. Binamu yetu Odilo, mchimba makaburi wa parokia, mwambie asihangaike kunoa jembe. Wewe usiazime viti wala kuwaita wanakwaya. Fagia chumba cha mama, tandika kitanda. Nakuja kukaa. Kifo kama kina haraka, kitanikuta huko.

Kaka yako, mbishi kama ulivyomwacha,
Gaspari