Kidudu Shingoni mwa Mama Mkwe

Magunga,
kupitia Homa Bay.
22 Februari 1998

Mpendwa Metrine,

Barua hii ikukute mzima hapo Rongo, na kama kifua bado kinakusumbua kwa mvua hii isiyotaka kuondoka, basi pokea na pole yangu. Wanafunzi wako hawajambo? Bado wanaiga unavyotembea? Sisi huku tu wazima. Nimeandika neno hilo kwa raha, maana juma lililopita nisingeweza. Nimebaki kwangu, Metrine. Sijarudishwa kwetu Kisii, ingawa ilibaki kidogo tu.

Unaikumbuka kamera uliyonipa siku ya arusi. Kila mtu hapa alidhani nitapiga picha za watu, nami nikaanza na panzi. Filamu ya kwanza ilitoka ukungu mtupu, kwa sababu kamera ile haioni kitu kilicho karibu. Mama mkwe, Mama Orpah, alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaniombea miwani kuukuu ya baba mkwe iliyobaki kioo kimoja. Mimi mwenyewe nisingethubutu. Mke wa mwana hamwombi mzee hata kigoda. Nikakifunga kioo mbele ya kamera kwa mpira wa baiskeli, nikawa napima umbali kwa uzi wa katani, na tangu hapo hata buibui naona vinyweleo vya miguu yake. Jioni natundika taa barazani ili nondo waje. Zablon, ambaye unajua yuko Muhuru Bay kwa biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani, na huja nyumbani mwisho wa juma, husema ameoa wake wawili, mmoja ana mkanda wa kuning'iniza shingoni. Majirani wakinikuta nimelala kifudifudi kwenye viazi huuliza nimeangusha nini.

Mvua ilipozidi, mama mkwe aliamka na mstari shingoni, umebabuka kama aliyemwagiwa mafuta ya moto. Kisha Liz, mjukuu tunayeishi naye, akavimba jicho likafunga kabisa. Hakuna aliyeona kilichowauma. Basi maneno yakaanza, kwamba watu wanaunguzwa na kitu kisichoonekana, katika boma ambalo bibi arusi wake hukusanya wadudu na kuwachukua sura. Hapa huniita nyar Kisii, binti wa Kisii, na nililipenda jina hilo. Sasa likawa linatajwa kwa sauti ya chini nikipita.

Mama mkwe hakunitukana. Aliacha tu kula ugali wangu. Kila jioni alisema ameshashiba, na mimi nilijua hajala. Hilo liliniumiza kuliko maneno yote ya majirani. Baba mkwe akaitisha kikao cha wazee kifanyike Jumapili iliyofuata, Zablon akaambiwa wazi kwamba jambo hili lisipojulikana nitasindikizwa kwetu mpaka lijulikane. Usiku huo aliniambia niitupe kamera.

Juma hilohilo picha zikarudi kutoka studio Homa Bay. Mpigapicha alikuwa amemuuliza niliyemtuma kama mwenye filamu hana ndugu. Katika moja nilikuwa nimempiga nondo aliyetua kwenye kitambaa cha kichwa cha mama mkwe, alipokuwa akimenya njugu chini ya taa. Shingoni mwake, pembeni mwa picha, palikuwa na kidudu chembamba kama siafu, cheusi kichwani na mkiani, katikati chekundu. Picha iliyofuata nondo ameruka, na mkono wa mama mkwe umejipiga palepale. Nikahesabu siku: mstari wake ulitokea asubuhi ya pili baada ya usiku huo wa njugu.

Kikaoni niliongea kupitia kwa mama mkwe, kama inavyopasa. Aliitazama picha kwa kile kioo kimoja, kwa muda mrefu, akasema kidudu hicho kila mtu anakijua na hakiumi. Nikamwambia awaeleze kwamba kweli hakiumi, ila kikipondwa huunguza, na kwamba taa yangu ndiyo iliyowaita. Mzee mmoja akasema picha inaweza kutengenezwa. Hapo nikatoa kimoja kwenye kiberiti, nikakunja mkono wa gauni mbele ya baba mkwe, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikakiponda juu ya ngozi yangu. Nikaomba wasubiri mpaka Jumanne.

Metrine, sijawahi kuomba Mungu aniunguze, lakini niliomba. Jumatatu kutwa mkono ulikuwa laini kama wa mtoto, nikalia jikoni moshi ukanisitiri. Jumanne asubuhi nikaamka unawaka moto, mstari mwekundu umeshaanza malengelenge. Nilimkimbilia mama mkwe nikicheka. Aliushika mkono, akagusa shingo yake, akamwita mzee kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Kisha akaingia jikoni, akachukua ugali wangu wa jana, uliopoa, akaula wote amesimama, bila mboga.

Tulimpeleka Liz zahanati Sindo, na jicho limefunguka. Muuguzi alisema kidudu hicho wanakiita nzi wa Nairobi, ingawa huku kimekuja bila kupanda basi. Baba mkwe ameamuru taa itundikwe kule zizini, na wadudu wapulizwe, wasipigwe.

Sasa nikuambie ambalo hata Zablon halijui. Ile Jumatatu niliifunga kamera yako kwa leso, nikaandika jina lako juu, niirudishe kwako nibaki mke asiye na maneno. Niliogopa, na nilikuwa nimeshakubali. Mama mkwe ndiye aliyeukuta mzigo Jumatano. Akaniuliza Metrine ni nani, nikamweleza. Akasema kitu kilichoingia bomani kwa arusi hakitoki kwa uamuzi wa mtu mmoja, na yeye hajaulizwa. Akaufungua. Kisha akauliza pa kubonyeza ni wapi.

Picha niliyoiweka humu ameipiga yeye. Huyo asiye na kichwa ni mimi. Panzi begani katoka vizuri.

Wasalimie wote hapo, na yule mama mwenye nyumba wako. Mama mkwe anasema uje utembee, atakupikia mwenyewe.

Ni mimi rafiki yako,
Nyasuguta